Madam wa Tandahimba anauliza: Kiingereza changu chenye lafudhi ya Kimakonde kinafaa kufundishia?

"Habari za kazi mwalimu wetu. Mimi nafundisha Kiingereza form one na form two kwenye shule ya kata huku Tandahimba, huu ni mwaka wa nne kazini. Ni Mmakonde, nimezaliwa Newala, nyumbani tunaongea Kimakonde, Kiswahili nilikuja kukishika vizuri shuleni. Muhula uliopita tuliletewa mdada wa kizungu wa kujitolea kutoka Marekani, akakaa miezi mitatu, watoto walimpenda sana. Tangu aondoke darasa limebadilika. Juzi nasoma kifungu, kijana mmoja akanyoosha mkono akasema madam, mbona yule alikuwa anasema 'wara' na wewe unasema 'wata', sasa sisi tushike ipi? Darasa zima likacheka. Nimeanza kujifunza lafudhi YouTube usiku, darasani nabana pua mpaka koo linakauka, sauti imekuwa na mkwaruzo wiki ya nne sasa. Ofisini kwa walimu wenzangu Kiingereza siongei kabisa. Na sasa mkuu wa shule anataka tuanzishe kibao, mwanafunzi akiongea Kiswahili au Kimakonde anavalishwa shingoni, mimi ndo nimepewa nisimamie. Amesema pia nikifafanua kwa Kiswahili darasani nadumaza watoto. Naomba uniambie ukweli, mimi ni mwalimu wa Kiingereza kweli au naigiza tu? Nafikiria kuomba nibaki na Geography."

Mdogo wangu, pole sana, na asante kwa kuandika bila kuficha. Nianze na koo kwa sababu hilo haliwezi kunisubiri nimalize maneno yangu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu inatakiwa iangaliwe na daktari, sio tangawizi na asali tena. Anzia hospitali ya wilaya hapo hapo wiki hii, waeleze kwamba wewe ni mwalimu na unaongea masaa mengi kwa sauti ya kulazimisha, wakiona inafaa watakupa rufaa hospitali ya Ligula au ya Ndanda. Na kuanzia kesho acha kubana pua, iwe kwa ajili ya koo tu kwa sasa, sababu nyingine tutazifikia.

Sasa maswali yako. Kwa juu yanaonekana matatu, lafudhi, Kiswahili darasani, na hicho kibao. Ila ukiyachimba yote yanatoka kwenye shina moja: umeaminishwa kwamba Kiingereza kina wenyewe na wewe sio mmoja wao, kwa hiyo kila ukisimama mbele ya watoto unahisi umevaa nguo ya kuazima na mwenye nguo anaweza kutokea mlangoni muda wowote akaidai. Kijana alivyouliza swali lake la "wara", wewe uliona mwenye nguo ameshatokea. Mimi naona mtoto wa form one aliyesikiliza kwa makini mpaka akakamata tofauti ya herufi moja, na hilo ni sikio ambalo walimu wa lugha tunalitafuta kwa tochi.

Niruhusu nianze na kibao maana hicho nakijua kwa shingo yangu. Mimi ni Mmwera wa Ruangwa. Shule niliyosoma, siitaji, tulikuwa na kipande cha mbao ya mkorosho kimetobolewa juu kikapitishwa kamba ya katani, na utaratibu ulikuwa ukishavalishwa huwezi kukivua mpaka umnase mwenzio akiongea lugha ya nyumbani, atakayekutwa nacho jioni anachapwa mbele ya mstari. Siku moja kilikuwa kwangu na saa tisa imeshafika. Nikamfuata binamu yangu tuliyekuwa tunalala naye kitanda kimoja, nikamkanyaga mguu kwa kisigino, makusudi, ili alie kwa Kimwera. Akalia kwa Kimwera. Nikamvalisha. Alichapwa yeye, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakunisemesha neno. Kiingereza nilichojifunza siku ile ni sifuri, nilichojifunza ni kunyamaza, na miaka miwili iliyofuata nilinyamaza vizuri sana, nikisemeshwa na mwalimu nachagua "yes sir" au "no sir" nakaa chini.

Ndivyo kinavyofanya kazi. Mkuu wako anaamini mtoto akizuiwa Kiswahili kitakachotoka mdomoni ni Kiingereza, kumbe mtoto wa form one ambaye amesoma miaka saba kwa Kiswahili hana hicho Kiingereza cha kutoa, kwa hiyo kinachotoka ni ukimya, na lugha haikui kwenye ukimya. Wachache wenye uwezo kidogo wataongea, wale wa nyuma watajificha, mwisho wa mwaka utakuta pengo limepanuka na lawama zinarudi kwako.

Na watu wengi hudhani kibao ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili yetu Waafrika. Hapana. Miaka ya 1800 kule Wales, ubavuni kabisa mwa England, watoto waliokutwa wanaongea Kiwelshi shuleni walikuwa wanavalishwa kipande cha mbao, vingi vimechongwa herufi W na N, kikiitwa Welsh Not, na mchezo ni ule ule, unamtafutia mwenzio makosa umpasie, wa mwisho anapata fimbo. Yaani hata majirani wa Mwingereza walivalishwa, na mara nyingi na walimu Wawelshi wenyewe. Kwa hiyo hicho kibao mnachotaka kukichonga Tandahimba kina asili yake, na asili yake haikuwa kumfundisha mtoto Kiingereza peke yake, ilikuwa ni kumfundisha mtoto aone aibu ya mama yake.

Sasa hii imani kwamba Kiingereza kina wenyewe imetoka wapi? Huku kwetu kusini inabidi ukumbuke Kiingereza kimechelewa kufika. Wamisheni wa UMCA, wale wa Kianglikana, walivyofungua Masasi mwaka 1876 waliletwa na Askofu Edward Steere, na huyo Steere ni yule yule aliyekuwa ameshaandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Wajerumani nao waliendesha serikali yao kwa Kiswahili, maakida waliandikiana Kiswahili, wazee wetu wa Maji Maji 1905 mpaka 1907 walipigana na serikali iliyokuwa inawaamuru kwa Kiswahili. Mwingereza amekuja baada ya vita ya kwanza ya dunia, na Kiingereza alikigawa kwa kipimo, kwa wachache watakaokuwa makarani na walimu. Kilikuwa tiketi. Anayekijua anakaa ofisini, asiyekijua anabeba mizigo, na mtihani wa kumaliza sekondari ulikuwa wa Cambridge. Baraza letu la mitihani, NECTA, limeanzishwa 1973. Vizazi kadhaa vimekua vikijua kwamba anayeamua Kiingereza chako ni kizuri au kibaya anakaa ng'ambo, wewe unasubiri matokeo tu.

Halafu kuna kitu kimoja ambacho walimu wengi hawajawahi kuambiwa chuoni. Januari 1961, nchi zetu zikiwa mlangoni mwa uhuru, wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili Kiingereza kifundishweje kwa watu ambao sio lugha yao ya kwanza. Miaka mingi baadaye, 1992, mtaalamu mmoja Mwingereza, Robert Phillipson, alichambua mambo yaliyotoka kwenye mkutano ule na yaliyoenea baada yake akatoa imani tano: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza kitupu, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba ukianza mapema ndo bora zaidi, kwamba kadiri unavyokimwaga kwa wingi ndo matokeo yanapanda, na kwamba lugha zingine zikitumika sana basi kiwango cha Kiingereza kinashuka. Zote tano akaonyesha hazina msingi wa kielimu, ila zilikuwa na faida, ziliwapa ajira wataalamu wa kutoka huko na soko vitabu vya kutoka huko.

Rudia kusoma barua yako ukiwa na hizo tano mkononi. Mkuu wako akisema Kiswahili kinadumaza watoto, hiyo ni ya kwanza na ya tano. Darasa likicheka kwa sababu mzungu kasema tofauti na wewe, hiyo ni ya pili. Simsemi vibaya mkuu wako, anabanwa na matokeo, na hayo maneno naye kayakuta, mimi mwenyewe nimeyasema mbele ya wanachuo miaka yangu ya mwanzo kabla sijajua yalikotoka.

Nikitaka kuwaeleza walimu wa huku huwa nawakumbusha mradi wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, mahesabu yamepigwa London, mitambo ikaletwa, reli ikajengwa, 1951 mradi umekufa. Karanga zenyewe hazikuwa na shida, wazee walikuwa wanalima karanga toka zamani. Shida ni kwamba mpango ulijua kila kitu isipokuwa udongo na mvua za mahali. Njia ya kufundisha lugha inayoingia darasani bila kuuliza watoto wanaongea nini nyumbani naionaga hivo hivo.

Tuje kwenye lafudhi yenyewe, na hapa nakuomba usome polepole. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya, kuwa na lafudhi na kueleweka. Watafiti wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, walionyesha 1995 kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito kabisa na bado akaeleweka neno kwa neno. Na mwaka 2000 mwalimu mmoja Mwingereza anaitwa Jennifer Jenkins akaangalia watu wa mataifa tofauti wakiongea Kiingereza baina yao, akauliza ni matamshi gani hasa yakikosewa mazungumzo yanakwama, akakuta mengine tunayotolea jasho, kama ile "th" ya ulimi kwenye meno, wala hayakwamishi mtu. Yanayokwamisha ni urefu wa irabu, konsonanti za mwanzo wa neno kumezwa, na mkazo kuwekwa kwenye neno lisilohusika.

Kwa hiyo swali sio "naongea kama Mmarekani?" Swali ni "nikisoma neno hili, mtoto anasikia neno hili au lingine?" Na hapo sitakudanganya, sisi wa kusini tuna sehemu za kurekebisha. Lugha zetu, Kimakonde na Kiyao zikiwemo, haziitenganishi "r" na "l" kama Kiswahili sanifu kinavyofanya, kwa hiyo "rice" na "lice" zikitoka sawa, mtoto anaandika kwamba familia yake inakula chawa. "Play" na "pray" vile vile. Baadhi yetu "s" na "sh" zinaingiliana, "sort" inakuwa "short". "Ship" na "sheep", "live" na "leave". Na ile tabia ya kubandika irabu kila mahali, "school" inakuwa "sikuli", "strong" inakuwa "sitirongi". Hizo fanyia kazi kweli kweli. Muziki wa sauti yako ya Newala uache ulivyo.

Njia rahisi ya kujua yapi ni yapi: chukua simu yako, jirekodi unasoma kifungu ambacho mwenzio hajawahi kukiona, halafu mpe mwalimu mwenzio ambaye sio wa huku, kama yupo Mhaya au Mchaga au Msukuma hapo shuleni, aandike alichosikia. Maneno aliyoyaandika tofauti ndo ya kurekebisha, mengine yote muache Mungu ashukuriwe. Wengi niliowafanyisha hivi wanakuta maneno sita, saba, kumi, wakati walidhani ni Kiingereza chote.

Na hapa ndo unapata utajiri ambao yule mdada hakuwa nao hata angekaa miaka mitatu. "Th" zote mbili ziko kwenye Kiswahili chako. Waandikie ubaoni "thamani" na "samani", waulize kuna tofauti gani, mtoto anayesema baba amenunua "thamani" za sebuleni wenzake watamrekebisha wenyewe, kisha waambie "th" ya thamani ndo ya "think", na "dh" ya dhahabu ndo ya "this". Irabu ndefu wanaijua, ila hawajui kama wanaijua. Andika "kufa" na "kufaa". Hakuna mtoto wa Tandahimba atakayechanganya mbuzi aliyekufa na mbuzi anayefaa. Kutoka hapo nenda "ship" na "sheep", waambie sio urefu tu, mdomo nao unavutika pembeni, lakini urefu umeshawafungulia mlango. Mkazo wanao pia, mwambie mtoto atamke "barabara" ile ya gari inakopita halafu "barabara" ya kusema kazi imefanyika sawasawa, herufi ni zile zile ila mkazo umehama na maana imehama nao. Sasa mpe "present" ya zawadi na "present" ya kuwasilisha. Nimefanya hii na darasa la watoto sabini na kitu, dakika kumi tu, wakawa wanatafuta mengine wenyewe mpaka kengele ikalia.

Nisimkosee haki huyo mdada. Ana vitu wewe huna, ana kasi, ana misemo ya mitaani kwao, ana uhakika wa kusema "hii sisi hatusemi". Watoto kumsikia ni faida, na akiondoka endelea kuwasikilizisha sauti za watu mbalimbali kwenye simu, Mnigeria, Mhindi, Mskoti, Mkenya, ili masikio yao yazoee. Lakini mtu aliyezaliwa na lugha mara nyingi anaijua kama tunavyojua kutembea, anatembea vizuri ila hawezi kukwambia goti lilianza lini. Peter Medgyes wa Hungaria, ambaye naye alifundisha Kiingereza ambacho sio cha kwao, aliandika miaka ya 90 kwamba mwalimu aliyejifunza lugha ukubwani anajua njia ina mashimo wapi kwa sababu yeye mwenyewe alianguka humo.

Mfano mmoja tu. Mwanafunzi wako anaandika "The baby has slept" akimaanisha mtoto amelala, yuko kitandani sasa hivi. Mgeni ataweka alama nyekundu aandike "is sleeping" apite. Wewe unajua kosa lilikotoka, ni "-me-". Umewafundisha kwamba "nimekula" ni "I have eaten" na "nilikula" ni "I ate", na ni fundisho zuri mno, linawaokoa kwa maneno mengi, ila "-me-" yetu ina kazi ya pili, amelala, amekaa, amesimama, hiyo inaeleza hali aliyonayo mtu muda huu. Ukiwaonyesha hizo kazi mbili pamoja siku moja, kosa linakatika kwenye mzizi. Wamarekani wenyewe wanasema sana "I already ate" pale ambapo vitabu vya Uingereza vinataka "I've already eaten", kwa hiyo kama ungemfuata yeye kila kitu, kuna siku ungegombana na kitabu cha kiada. Na "he" na "she" wakichanganya, "my mother he is sick", unajua sababu, yeye ni yeye tu, Kimakonde na Kiswahili havijali huyo ni mwanamke au mwanaume. Mtoto hana ujinga, ana lugha nyingine.

Kuhusu Kiswahili darasani nitakupa pande zote mbili kwa sababu mkuu wako hajakosea asilimia mia. Kuna namna mbaya ya kutumia Kiswahili na nimeiona sana kwenye ukaguzi, mwalimu anasoma sentensi ya Kiingereza, anatafsiri, anasoma nyingine, anatafsiri. Watoto wanagundua haraka sana kwamba hawana haja ya kusikiliza ile ya kwanza, wanasubiri ya pili. Hapo kweli wanadumaa, na mtihani wa taifa utawakuta hivyo hivyo, umeandikwa Kiingereza na hauna huruma.

Namna nzuri ni Kiswahili kiwe na kazi yake na mwisho wake. Ni kule kule Wales, kwenye nchi ya kile kibao, mwaka 1994 mwalimu anaitwa Cen Williams alitoa jina kwa mbinu ya kupokea habari kwa lugha moja na kuitolea kazi kwa lugha nyingine kwa makusudi, akaiita kwa Kiwelshi "trawsieithu", na leo duniani kote walimu wanaijadili. Kwako itakuwa hivi. Somo ni kifungu kuhusu kilimo. Dakika kumi za kwanza wakae vikundi waongee Kiswahili, hata Kimakonde, korosho inatoka shambani mpaka inafika mnadani kwa hatua zipi, nani anapulizia salfa na kwa nini, AMCOS, kile chama cha ushirika cha wakulima, inafanya nini, stakabadhi ghalani ni nini. Watakufundisha wewe. Halafu wape maneno nane ya Kiingereza ubaoni ya yale yale waliyoyataja. Halafu kifungu, Kiingereza, bila tafsiri. Halafu kila kikundi kiandike sentensi tano kwa Kiingereza na mmoja asimame asome. Ukihesabu, Kiswahili kimekula robo ya kipindi, lakini ile robo tatu iliyobaki watoto wako macho, wana cha kusema.

Kwa mkuu wa shule nenda peke yako, usimbishie kwenye kikao mbele ya walimu, utampoteza. Mwambie unakubaliana naye kwamba watoto waongee Kiingereza zaidi, kwa sababu ni kweli, shule ambayo Kiingereza kinaishia mlangoni mwa darasa haitoi mtu. Halafu omba wiki sita. Kila asubuhi mstarini watoto wawili waseme maneno ya dakika moja waliyojiandaa, debeti kila Ijumaa, mapumziko ya Jumatano yawe ya Kiingereza na anayejaribu anapewa sifa, anayeshindwa hafanywi kitu. Weka daftari, andika idadi ya wanaoongea wiki ya kwanza na wiki ya sita, mpelekee hizo namba. Asipokubali kabisa, mwambie kwa heshima kazi ya kusimamia kibao hutaiweza, na mshirikishe mwalimu wa taaluma, na wathibiti ubora wakija zungumza nao. Nakusihi usiwe wewe wa kukifunga kile kitu shingoni mwa mtoto. Mimi nilikivaa siku chache tu na bado nakumbuka mbao yake ilikuwa inakwaruza wapi.

Ile ya kuhamia Geography, mdogo wangu, Geography nayo utaifundisha kwa Kiingereza. Kile unachokikimbia utakikuta kimekaa kwenye ramani na mvua za masika. Kama unaipenda Geography kwa ajili yake, nenda, sitakuzuia. Ila kama ni kwa ajili ya "wara", basi utakuwa umehamishwa kituo na neno moja la mtoto.

Maana mwalimu akijiona feki anaanza kufundisha kama mtu anayejificha. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikaliona. Anajaza ubao notisi ili asiongee, hapendi maswali, anasahihisha watoto kila neno ili aonekane anajua, na watoto wanaisoma ile hofu kuliko wanavyosoma kitabu, nao wanaanza kuogopa, darasa linakufa, yeye anaona ushahidi kwamba hafai. Lafudhi haijamfanya hivyo, hofu imemfanya. Na wewe una mzigo mara mbili, kwa sababu hata Kiswahili chetu cha kusini kinachekwa, kila mchekeshaji akitaka kicheko cha haraka anaiga Mmakonde. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, ni uamuzi wa kikao, mwaka 1928 Mombasa, wala haikumaanisha mwenye lafudhi nyingine hajui kusema. Ukilijua hilo kwenye Kiswahili, inakuwa rahisi kulielewa kwenye Kiingereza. Rais Mkapa alitoka Lupaso, Masasi hapo, akaenda Makerere akasoma Kiingereza, akamaliza 1962. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu, akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, na alikuwa akisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Hakuna kati yao aliyebana pua.

Usibebe hili peke yako. Kama mnakaa vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, shuleni au kwenye kata, peleka suala la matamshi na la Kiswahili darasani kama mada, utashangaa wangapi wanaumwa ugonjwa wako kimya kimya. Tafuta mwalimu mmoja wa shule jirani mtembeleane darasani, mara moja kwa mwezi inatosha. Na kama hofu imefika mahali usiku hulali, au asubuhi tumbo linavurugika ukifikiria kipindi, hiyo imeshavuka mambo ya kufundisha, ukiwa hospitali kwa ajili ya koo mwambie daktari na hilo, usione aibu.

Bado una deni kwa yule kijana, aliuliza swali zuri akajibiwa na kicheko. Kipindi kijacho rudi nalo. Andika "water" katikati ya ubao. Mwambie swali lake umelifanyia kazi. Mmarekani anasema "wara", Mwingereza wa London "wota", Mskoti anaivuta "r" ya mwisho mpaka unaisikia, sisi huku tunakaribia "wota", na hiyo "wata" yako sogeza kidogo kuelekea "o", ni moja ya yale maneno ya kurekebisha. Herufi ni zile zile tano kwa wote, na mtihani unataka herufi. Halafu muulize kwao maji wanaitaje. Atasema "medi". Kama kuna Myao darasani atasema "mesi". Ziandike zote kuizunguka "water", waache wazitazame waone zilivyofanana na "maji". Hao ni watoto wa juu ya mlima wa Makonde, wanajua vizuri kuliko huyo mgeni na kuliko mimi ndoo ya maji inatoka umbali gani. Waambie waandike sentensi tano kwa Kiingereza, maji ya kwao yanatoka wapi na nani anayabeba, na yule kijana awe wa kwanza kusoma.